Msiniulize tani, niulizeni mara ngapi

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu boriti mseto: chuma chini, zege juu, na studi (vijiti vya chuma vilivyochomelewa juu ya boriti na kuzama ndani ya zege) katikati zinazovishika viwili hivyo vifanye kazi kama kitu kimoja. Nimechagua yanayogusa mzigo unaorudiarudia, kwa sababu hapo ndipo naona tunakosea kila siku.

Boriti ya I ya mita 12, juu ina zege la sentimita 20, inabeba tani ngapi? (Fundi, Morogoro)

Hili ni swali la nne la aina hii ndani ya miezi miwili, na jibu ni lile lile: halijibiki. Hujataja kimo cha boriti, unene wa flenji (ubao wa ulalo wa juu na wa chini wa boriti), gredi ya chuma, idadi ya studi, nafasi kati ya boriti na boriti, wala kama juu watapita watu au malori. Mtu atakayekutajia tani kwa maelezo hayo, usimpe kazi. Na hata ukinipa yote hayo, bado nitakuuliza jambo ambalo hakuna anayeniandikia: mzigo huo utapita mara ngapi?

Tumefundishwa kwamba boriti ikijaribiwa kwa mzigo mara moja na nusu ya uliokusudiwa, ikabeba na kurudi sawasawa, ni salama milele. Kwa nini basi tuhangaike na uchovu wa chuma? (Mwanafunzi wa uhandisi, Dodoma)

Neno "milele" lifute kwenye daftari lako leo hii.

Jaribio la mzigo mmoja linakuambia kama boriti itavunjika leo. Kuhusu mwaka wa kumi na tano halikuambii lolote. Mjerumani August Wöhler, mhandisi wa reli, alilionyesha hilo miaka ya 1850 na 1860 kwa ekseli za mabehewa. Chuma kilichobeba mzigo fulani mara moja bila hata alama kilikatika kwa mzigo mdogo kuliko huo, uliporudiwa vya kutosha. Huo ndio uchovu wa chuma, na ubaya wake ni kwamba boriti haipindi kwanza ikakuonya. Ufa huanza mwembamba kuliko unywele, mara nyingi kwenye ukingo wa mchomeleo. Kila lori likipita unasogea kidogo, hadi siku chuma kilichobaki kinashindwa kubeba.

Sasa piga hesabu. Viwango vya Ulaya huweka kila aina ya kiungo katika kundi lake, na namba ya kundi ni tofauti ya mkazo, yaani kati ya mkazo wa juu na wa chini, kwa MPa (megapaskali, kipimo cha mkazo), ambayo kiungo hicho hupewa kuvumilia kwa mizunguko milioni 2. Ukisikia milioni 2 unaona ni nyingi. Barabara yenye malori 2,000 kwa siku huzimaliza kwa siku 1,000, yaani chini ya miaka mitatu. Daraja tunalichora liishi miaka 100.

Uhusiano wenyewe nao si wa moja kwa moja. Kwa viungo vingi vya chuma, ukizidisha tofauti ya mkazo mara mbili, umri hushuka mara nane. Angalia nimesema tofauti ya mkazo, maana kinachokula chuma ni mkazo kupanda na kushuka. Uzito wa zege lenyewe, ambao ni mkubwa, umekaa pale pale usiku na mchana. Katika hesabu ya uchovu wa kiungo kilichochomelewa hauna neno. Wanafunzi hukesha na uzito wa zege, kisha lori wanaliandikia mistari miwili.

Nenda kasome kisa cha daraja la Yellow Mill Pond huko Bridgeport, jimbo la Connecticut, Marekani, kwenye barabara kuu ya I-95. Lilifunguliwa 1958. Boriti zake zilikuwa mseto, zilizoongezewa mabamba chini ya flenji ili kuzipa nguvu katikati. Mwaka 1970, wakati wa kazi ya kusafisha na kupaka rangi, ilionekana boriti moja ina ufa uliokata flenji nzima ya chini na kupanda kwenye ubao wa wima. Ulianzia pale bamba lile la kuongezea linapoishia, kwenye mchomeleo. Miaka 12 tu! Boriti ile hesabu yake ya nguvu ilikuwa sawa. Kilichoiumiza ni ncha ya bamba na malori yasiyokatika. Leo ncha za mabamba ya kuongezea yaliyo manene kabisa zimewekwa kundi la 36 Ulaya, la chini kabisa katika michomeleo ya kawaida. Kiungo cha kundi la 80, kwa mkazo ule ule, huishi karibu mara 11 zaidi.

Daraja la Sigiri kule Budalang'i liliporomoka 2017. Ulikuwa uchovu? (Msomaji, Busia)

Hapana. Lilianguka likiwa bado linajengwa, malori hayajaanza hata kupita. Tafadhali tusiite kila daraja lililoanguka "uchovu wa chuma". Boriti mseto kabla zege halijashika si mseto. Ni chuma kitupu kinachobeba zege bichi, na hapo hesabu ni nyingine kabisa.

Nataka kubadili chuma cha S275 nitumie S355 ili daraja letu la halmashauri livumilie uchovu zaidi. Mwenye duka la vyuma anasema ndiyo. (Mhandisi, Mkoa wa Lindi)

Mwenye duka anauza chuma. Umri wa kiungo kilichochomelewa hautegemei gredi ya chuma. Mchomeleo wa S355 na mchomeleo wa S275 wenye umbo moja wako kundi moja, kwa sababu ufa tayari una mahali pa kuanzia, na unavyokua haujali chuma kina nguvu gani ya kuanzia kuteguka.

Tena hatari iko upande wa pili. Ukipata chuma chenye nguvu zaidi, utashawishika kupunguza kimo au unene. Ugumu wa chuma dhidi ya kunyumbuka ni ule ule kwa gredi zote, kwa hiyo boriti nyembamba itanyumbuka zaidi, tofauti ya mkazo itapanda, na umri utapungua. Nimeona michoro ya namna hii ikipitishwa kwa sababu hesabu ya nguvu ilitoka vizuri. Kama una fedha ya ziada, ongeza kimo cha boriti, au mlipe mchomeleaji mzuri.

Fundi mmoja anasema studi zisambazwe sawa toka mwanzo hadi mwisho wa boriti. Mwingine anasema zibanane mwishoni na katikati ziwe chache, kwa kuwa katikati hakuna mkato. Nani yuko sahihi? (Msimamizi wa kazi, Kisumu)

Swali zuri, na nimelisubiri muda mrefu.

Yule wa pili anafikiria mzigo uliotulia. Mzigo ukisambaa sawasawa juu ya boriti iliyolala kwenye nguzo mbili, mkato, yaani ile nguvu ya kukata inayofanya zege litake kuteleza juu ya chuma, ni mkubwa mwishoni na sifuri katikati. Lakini lori halitulii. Chukua mzigo mmoja wa tani P unaotembea kutoka nguzo hadi nguzo. Ukiwa karibu na nguzo, mkato hapo unafika P, kisha unashuka hadi sifuri. Tofauti ni P. Sasa simama katikati ya boriti. Mzigo unapokaribia, mkato wa hapo ni nusu ya P kwenda upande mmoja. Ukishapita tu, unageuka kuwa nusu ya P upande wa pili. Toka nusu huku hadi nusu kule, tofauti ni P ile ile. Fanya hivyo mahali popote kwenye boriti, utapata P. Lori lenye ekseli nyingi hupunguza tofauti ya katikati kidogo, halifuti.

Kwa hiyo studi ya katikati, ile ambayo fundi wako anasema haina kazi, inasukumwa kushoto na kulia kila lori likipita. Ukiziacha chache pale, kila moja inabeba zaidi, na ndizo zitakazokatika. Mwishoni nako ongeza kwa ajili ya mkato wa juu kabisa, sawa, lakini usiibe katikati ili uongeze mwishoni.

Na msije na ile hoja ya kwamba studi hulainika na kugawana mzigo. Hiyo ni kweli boriti inapokaribia kushindwa, na ndiyo inayoruhusu nafasi sawa katika majengo. Chini ya malori ya kila siku studi haijalainika. Kila moja inabeba fungu lake mahali ilipo.

Slutter na Fisher wa Chuo Kikuu cha Lehigh, Pennsylvania, walichapisha mwaka 1966 majaribio yao ya studi chini ya mzigo wa kurudiarudia, na walichokiona ndicho kilichoingia katika kanuni za Marekani: tofauti ya mkazo ndiyo inayoamua umri wa studi. Kanuni za Ulaya zinaipa studi MPa 90 kwa mizunguko milioni 2, ila mstari wake ni mkali mno. Ukizidisha tofauti ya mkazo mara mbili, umri hushuka mara 256. Kosa dogo la nafasi kwa studi si dogo.

Ngoja niwaeleze inavyokuwa ndani, kwa sababu hakuna anayeona. Mwanzoni zege na flenji vimegandana, studi hazina kazi kubwa. Mizunguko ya kwanza inavunja huo mgando. Kisha zege lililo mguuni mwa studi, upande inaposukumwa, linasagika kidogo kidogo na kuacha uwazi. Slabu, yaani bamba la zege, inaanza kuteleza juu ya chuma, sehemu za milimita tu, na boriti inanyumbuka zaidi ya ilivyokuwa mwaka wa kwanza. Ufa unaanzia kwenye pete ya mchomeleo iliyozunguka mguu wa studi. Ukikata studi yenyewe, jirani zake wanachukua mzigo, na wao wanawahi kuchoka. Ukipenya kwenda chini kwenye flenji ni mbaya zaidi, hasa juu ya nguzo za kati, ambako flenji ya juu inavutwa.

Basi siku ya kuchomelea studi, simama pale. Pete ya mchomeleo iwe imezunguka mguu wote. Yenye pengo, ipigwe nyundo hadi iiname digrii 15, kuelekea upande usio na pengo. Ikibaki imara, iache hivyo hivyo imeinama, ikipasuka, iondolewe. Studi nzima ikigongwa kwa nyundo ndogo inalia kama kengele. Mbovu inatoa sauti ya kufa. Flenji iwe kavu na haina rangi wala kutu mahali pa studi, na zile pete za kauri zinazouzunguka mguu wa studi wakati wa kuchomelea zisiwe zimelowa mvua. Kauri iliyolowa inatoa mchomeleo wenye vitundu, nao ukishafunikwa na zege ndio basi.

Lori likipita daraja najisikia natikisika. Daraja limechoka? (Msomaji, Mombasa)

Kutikisika peke yake si uchovu. Madaraja ya chuma yananyumbuka, ndivyo yalivyo. Mtikisiko ukiongezeka mwaka hadi mwaka, toa taarifa.

Mimi ni mwenye malori. Nikizidisha tani mbili kwenye ekseli, daraja linajuaje? Mizani inatuonea. (Tunduma)

Linajua kuliko mizani.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne, na tani 56 kwa gari zima. Wewe unaweka 12. Tuseme mkazo unaoletwa na gari lako umepanda kwa asilimia 20 ile ile. Kwa mchomeleo wa kawaida, 1.2 mara yenyewe mara tatu ni 1.73, yaani safari yako moja imekula umri wa karibu safari mbili. Kwa studi hesabu inakwenda kwa kipeo cha nane, na inatoa 4.3. Gari lako moja, studi zimehesabu manne. Ukizidisha kwa asilimia 30, zimehesabu manane.

Na uharibifu huo hausahauliki. Kwa kanuni ya Miner tunajumlisha kila safari, nyepesi na nzito, hadi fungu lote liishe. Chuma hakipumziki kikapona. Daraja lililochorwa kwa miaka 100 kwa magari halali linaweza kukutwa limechoka likiwa na umri wa kijana, na atakayekuwa juu yake siku hiyo huenda ni basi la abiria, wala si wewe.

Naelewa gharama zenu. Najua pia foleni za mizani na usumbufu wake, na hayo yarekebishwe. Lakini kusema mizani inawaonea sikubali. Wenzenu wanaobeba kwa halali ndio wanaonewa, kwa sababu mnakula umri wa daraja wanalolilipia kodi.

Jambo moja zaidi ambalo hukuuliza, na ninawaambia wenye barabara: kizingiti pale daraja linapoanza, lami ilipozama na jointi ya upanuzi imetokeza, kinalifanya hata lori halali lirukie daraja. Marekani huongeza asilimia 15 tu ya mshindo kwenye hesabu ya uchovu wa boriti, lakini kwa jointi zenyewe wanaongeza asilimia 75. Kusawazisha lami mita chache kabla ya daraja ni kazi ya siku mbili. Ifanyeni.

Slabu ina nyufa juu ya nguzo ya kati. Ni hatari? (Mkandarasi, Iringa)

Nyufa nyembamba pale zinatarajiwa kwenye boriti endelevu, ile isiyokatika inayopita juu ya nguzo ya kati, kwa kuwa zege linavutwa na nondo ndizo zinazobeba. Maji ndiyo hatari. Majaribio ya Wajapani ya kutembeza gurudumu juu ya slabu yalionyesha wazi kwamba slabu iliyolowa hufa mapema mno kuliko kavu, maana maji yanasukumwa ndani ya nyufa na kusaga zege. Ziba, fanya tabaka la kuzuia maji, safisha mitaro ya daraja.

Nimejenga ghorofa ya ghala kwa boriti mseto na bati la deki. Sasa mpangaji anataka kuendesha foklifti juu. Mchoraji anasema majengo hayahitaji hesabu ya uchovu. (Temeke)

Majengo ya kawaida kweli hayahitaji. Lakini kanuni ile ile inayosema hivyo inataja pasipo msamaha: mizigo inayobingirika, kreni, mashine zinazotetema. Foklifti ni mzigo unaobingirika.

Foklifti ya kunyanyua tani 3 yenyewe ina uzito wa tani zaidi ya 4, na ikiwa imebeba, sehemu kubwa ya jumla hiyo inakaa kwenye ekseli ya mbele. Safari 200 kwa siku, kwenda na kurudi, siku 300 kwa mwaka, ni mara 120,000. Miaka 20, milioni 2.4. Bati la deki, lile la mikunjo lililobaki chini ya zege, usilihesabu kama nondo chini ya magurudumu hayo, kwa sababu mshiko wake na zege unalegea kwa kukanyagwakanyagwa. Weka nondo halisi ndani ya slabu. Kama hazikuwekwa, mpangaji atumie kitoroli cha mkono au ahamie chini. Usitie saini mkataba kwanza.

Kamati yetu ya maji inataka kupitisha bomba chini ya daraja. Fundi atachomelea vishikio kwenye chuma, vidogo tu. Kuna ubaya? (Mwenyekiti wa kamati, Kilombero)

Mzuie fundi huyo leo.

Miaka michache iliyopita nilishuka chini ya daraja moja la boriti mseto na tochi na brashi ya waya. Kwenye flenji ya chini, karibu na katikati, pale chuma kinapovutwa kuliko kwingine kote, mtu alikuwa amechomelea vipande vya chuma cha pembe, kimoja kila mita mbili. Vilishika bomba la plastiki ambalo mtu mmoja angelibeba begani. Mwisho wa mchomeleo mmoja rangi ilikuwa imekatika, na kutoka hapo umechuruzika mstari wa kutu mwembamba kama uzi. Nilipiga brashi, nikapaka dawa nyekundu inayopenya ndani ya ufa, nikafuta, nikapuliza ile nyeupe inayoivuta itoke. Mstari mwekundu ukajichora taratibu mbele ya macho yangu, urefu wa ukucha wa kidole gumba. Nilikaa pale nikisikia malori yakipita juu, moja baada ya jingine.

Flenji ya boriti iliyotoka kiwandani bila mchomeleo iko kundi la 160. Chomelea juu yake kipande kirefu zaidi ya milimita 100, kwa urefu wa boriti, na mahali hapo panashuka hadi kundi la 56. Kwa mkazo ule ule, umri umepungua mara 23. Kwa ajili ya bomba!

Maji mnayahitaji, siwakatazi. Andikeni barua kwa wenye daraja, TANROADS au TARURA, waoneshwe mchoro. Bomba linaweza kuning'inizwa kwenye slabu ya zege pembeni, au kushikwa kwa klampu zinazobana bila kuchomelea wala kutoboa flenji. Na kama kuna vishikio vilivyochomelewa zamani, msivibomoe kwa nyundo. Vikatwe kwa uangalifu, paparuzwe kwa grainda kuelekea urefu wa boriti hadi pawe laini, kisha papimwe.

Nimeona ufa kwenye flenji ya daraja letu. Niuzibe kwa kuchomelea kabla haujakua? (Fundi wa matengenezo, Songea)

Usichomelee. Mchomeleo juu ya ufa bila kuuondoa wote unauficha tu, na unaongeza mahali pengine pa kuanzia. Mpigie simu mhandisi wa mkoa sasa hivi, na uombe malori mazito yasimamishwe au yapite upande wa pili hadi afike. Yeye anaweza kuamua ncha ya ufa itobolewe tundu ili kuusimamisha kwa muda, lakini ncha halisi inapita ile unayoiona kwa macho, na ukitoboa nyuma yake hujafanya kitu. Wakati unamsubiri, safisha rangi, weka alama ya kalamu ya rangi kwenye ncha zote mbili, andika tarehe na saa kando yake juu ya chuma chenyewe, na upige picha ukiwa umelaza rula. Kesho asubuhi rudi upime tena.